Mazeno 2012: wanne walishuka, wawili wakaendelea, tuuchambue uamuzi wenyewe

Kisa hiki kikisimuliwa huwa kinasimuliwa kama ushujaa mtupu. Jamaa wawili wa Uskoti, watu wazima wa hamsini na kitu, wamekaa siku 18 juu ya Nanga Parbat kule Pakistani, chakula kimeisha, maji hakuna, wameshuka wazima, makofi, kwisha. Sina ugomvi na makofi. Ila ukikifungua kisa taratibu unakuta ushujaa ni sehemu ndogo tu, sehemu kubwa ni hesabu: gesi imebaki kiasi gani, miili imebaki na nini, njia ya kushukia ni ipi na nani anaijua. Na hesabu yenyewe ilipigwa sehemu moja, kwenye kijibonde cha juu kinaitwa Mazeno Gap, mita kama 6,940 kutoka usawa wa bahari, Julai 2012, pale ambapo kundi la watu sita liligawanyika, wanne wakashuka na wawili wakaendelea. Hapo ndo nataka tukae. Mengine nayapitia ili hapo paeleweke.

Mlima kwanza. Nanga Parbat una mita 8,126, wa tisa kwa urefu duniani, umesimama ncha ya magharibi ya Himalaya karibu na mto Indus. Kusini kuna ukuta wa Rupal, mita kama 4,600 za mwamba na barafu kutoka chini mpaka kileleni, moja ya kuta ndefu kuliko zote duniani. Magharibi kuna upande wa Diamir. Kaskazini kuna Rakhiot, ndo alikopitia Hermann Buhl mwaka 1953 akawa mtu wa kwanza kufika kileleni, peke yake sehemu ya mwisho na bila oksijeni ya mtungi. Kabla yake mlima ulishakula watu wengi, mwaka 1937 peke yake maporomoko ya theluji yalifukia kambi usiku na watu 16 hawakuamka.

Sasa, kutoka kileleni kuelekea kusini-magharibi kuna mgongo. Ndo Mazeno huo. Toka Mazeno Pass mpaka Mazeno Gap ni kilomita kama 10, hakuna mgongo mrefu hivyo kwenye milima yote 14 inayozidi mita 8,000. Njiani kuna vilele vinane, mrefu kuliko yote ni Mazeno Peak wenye mita 7,120. Yaani unapanda kilele, unashuka upande wa pili, unapanda kingine, unashuka, hivyo hivyo siku nenda siku rudi, na kila ukishuka unajua hizo mita utazilipa tena mbele. Ukimaliza vyote vinane unafika Gap, na hapo Nanga Parbat wenyewe ndo kwanza unaanza, bado mita karibu 1,200 kwenda juu, na ndo mita ngumu kuliko zote kwa sababu ya hewa. Ni sawa na kumaliza nauli kabla hujafika stendi.

Ndo maana watu wazito waligonga mwamba hapa. Doug Scott, Mwingereza aliyewahi kufika kilele cha Everest kwa ukuta wa kusini-magharibi, alirudi kwenye huu mgongo zaidi ya mara moja miaka ya 90 na hakuumaliza. Wojciech Kurtyka na Erhard Loretan walikuja 1997, na hao wawili kwenye ulimwengu wa kupanda milima kwa mtindo mwepesi hakuna mtu wa kuwafundisha kitu, nao wakarudi. Mwaka 2004 Wamarekani wawili, Steve Swenson na Doug Chabot, wakauvuka wote mpaka Gap, ila walipofika pale miili imekwisha wakashuka kwa njia inayoitwa Schell, inayotoka Gap kwenda upande wa Rupal. Mwaka 2008 Wajerumani wawili, Luis Stitzinger na Josef Lunger, hadithi ile ile: mgongo wamevuka, kilele hawajagusa, wakashuka kwa Schell. Mara mbili mfululizo, watu wawili wawili, wenye uwezo, wanafika mlangoni na hawana cha kuingilia ndani. Ukiona hivyo ujue shida haiko kwa wapandaji, iko kwenye mpango mzima wa njia.

Mpango wa njia ni huu. Mgongo mzima uko juu sana, sehemu kubwa unacheza kati ya mita elfu sita na kitu na elfu saba. Kwenye mita 7,000 mgandamizo wa hewa ni asilimia arobaini na kidogo ya ule wa pwani. Mwili ukikaa huko haupumziki hata ukilala. Chakula hakishuki vizuri, unakula kidogo na hicho kidogo hakisagiki inavyotakiwa, basi mwili unaanza kujila wenyewe, misuli inageuzwa kuni. Watu wa mlimani wanajua mtu hupona kwa kushuka chini, analala vizuri, anarudi. Njia nyingi za milima ya namna hii zinakupa nafasi hiyo, unapanda unashuka unapanda. Mazeno haikupi. Ukishavuka vilele vitatu vinne, kurudi nyuma maana yake uvipande vyote tena kinyumenyume. Kushuka pembeni kusini au kaskazini ni kuta zinazomwaga theluji na mawe. Mlango wa kutokea wenye akili uko mwisho kabisa, pale Gap, hiyo Schell iliyofunguliwa na kundi la Hanns Schell wa Austria mwaka 1976, inashuka upande wa Rupal. Kwa hiyo njia salama ya kuukimbia mgongo ni kuumaliza.

Na kutembea juu yake kwenyewe kukoje. Upepo unajenga vibaraza vya theluji vinavyoning'inia upande mmoja wa ukingo, ukiwa juu unaona ardhi kumbe chini yake ni hewa tupu mpaka bondeni. Kwa hiyo hutembei juu kabisa, unatembea hatua kadhaa chini ya ukingo, kwenye mteremko, meno ya chuma ya viatu yamezama kwenye barafu ngumu, kifundo cha mguu kimepinda upande mmoja masaa na masaa. Mmefungana kamba, mtu na mwenzake, mikunjo michache mkononi. Makubaliano ni ya ajabu ukiyasikia mara ya kwanza: mwenzako akianguka upande wa kushoto, we ruka upande wa kulia. Ndio, ruka. Kamba inakatiza juu ya ukingo, kila mmoja ananing'inia upande wake, halafu mnapanda polepole kurudi juu mkiwa hai. Hakuna breki nyingine ya uhakika pale juu, kupigilia vigingi kila hatua ni kuumaliza mwezi. Sasa hiyo akili ya kuwa tayari kuruka inatakiwa iwe macho saa zote, mtu akiwa na mzigo mgongoni, amelala vibaya, hewa chini ya nusu. Hii ndo gharama ambayo huioni kwenye ramani.

Kundi la 2012 lilikuwa watu sita. Sandy Allan na Rick Allen, Waskoti, marafiki wa miaka mingi (majina yanafanana, hawana undugu). Cathy O'Dowd wa Afrika Kusini, mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest kwa pande zote mbili, kusini na kaskazini. Na Masherpa watatu, wapandaji wa jamii ya milimani kule Nepali: Lhakpa Rangdu, Lhakpa Zarok na Lhakpa Nuru. Wakaondoka tarehe 2 Julai.

Hapa tusimame kidogo maana idadi hii ya sita watu huwa wanaipita haraka. Walioshindwa 2004 na 2008 walikuwa wawili wawili, na mantiki ya wawili inaeleweka, mwepesi ndo mwenye kasi. Lakini kwenye mgongo mrefu wenye theluji nzito kuna kazi moja inayoua nguvu kuliko zote, kufungua njia. Wa mbele anazama mpaka magotini au mapajani, wa nyuma anakanyaga alama zake. Mkiwa wawili kila mtu anafungua nusu ya njia nzima. Mkiwa sita mnapokezana, na kamba ni nyingi, na mikono ya kuchimba sehemu ya hema ni mingi. Upande wa pili, midomo ni sita, majiko zaidi ya moja, gesi zaidi, na mmoja akiugua wote mnasimama. Naona sita ilikuwa karata ya makusudi kabisa, kutumia watu wengi kuvuka mgongo ili baadhi wafike Gap wakiwa na kitu kimebaki mwilini. Sijui kama walilipanga kwa maneno hayo. Ila matokeo ndo yaliyotoka hivyo.

Wakavuka. Vilele vyote, mpaka Gap, iliwachukua zaidi ya wiki. Wakapumzika kiasi, wakajaribu kilele wote sita, jaribio likagoma, upepo na ugumu wa njia na uchovu vikawarudisha. Na sasa ndo tunafika pale penyewe.

Fikiria hali ilivyo. Chakula kimebaki cha kugusa gusa tu. Gesi ipo lakini si ya kuchezea. Watu sita wametoka kutumia nguvu zao za akiba kwenye jaribio lililofeli, na kwenye mwinuko ule jaribio lililofeli halirudishwi, nguvu iliyotoka imetoka. Mlango wa kushukia uko hapo hapo. Mlango wa juu nao uko hapo hapo. Kiswahili kina msemo, ukishayavulia nguo maji sharti uyaoge, na mi nasema huo msemo umezika wapandaji wengi sana, maana ndo sauti inayoongea kichwani muda kama huo: umeshatoka mbali hivi, siku zote hizi, sasa ndo urudi? Siku zilizopita zimeshapita, haziongezi hata gramu moja ya gesi kwenye mtungi. Swali la kweli ni moja tu: kwa nilichonacho sasa hivi, nikienda juu nashukia wapi, na nitashuka kwa kutumia nini?

Cathy na Masherpa watatu wakajibu kwamba yatosha, wakachukua Schell. Sandy na Rick wakajibu tofauti.

Sasa wengi wanaposoma hapa wanagawanya watu kwenye mafungu mawili, majasiri na waoga. Upuuzi. Kwanza Schell sio ngazi ya hoteli. Ni mteremko mkali wa barafu na mwamba unaoporomosha vitu, na unaushuka ukiwa huna chakula, miguu imechoka kuliko siku zote za safari. Waliochagua kushuka walichagua hatari wanayoweza kuipima, ya masaa mengi lakini kila saa inayopita uko chini zaidi, hewa inaongezeka, akili inarudi. Ukiniuliza kati ya maamuzi mawili ya siku ile lipi lilikuwa jepesi kulitetea, nasema la wanne bila kufikiria mara mbili.

La wawili linahitaji kazi zaidi kulitetea. Tujaribu lakini.

Hoja ya kwanza ni njia ya kushukia. Mpango wao ulikuwa wapande kileleni halafu washuke upande wa pili kabisa, Diamir, kwa njia ya Kinshofer, ile iliyofunguliwa 1962 na Wajerumani Toni Kinshofer, Anderl Mannhardt na Siegfried Löw (Löw alifia kwenye kushuka, kwa hiyo usidhani ni njia ya bure). Na hawa Waskoti walikuwa wameshapanda mlima huu kwa upande wa Diamir miaka ya nyuma. Kwangu hii ndo hoja kubwa kuliko zote. Mtu anayepanda juu huku njia ya kushukia ameisoma kwenye picha tu, na mtu anayepanda huku akikumbuka kwa miguu yake nyufa za barafu ziko wapi na ukuta wa chini unaanzia mkono gani, hao watu wawili hawako kwenye hatari moja hata wakiwa wamefungwa kamba moja. Mgongo wenyewe pia haukuwa mgeni kwao, walikuwa na historia nao tangu enzi za majaribio ya Doug Scott.

Ya pili ni kwamba wanne walipoondoka, hesabu ilibadilika. Kilichobaki cha gesi na chakula kikawa cha wawili. Mwendo ukawa wa wawili. Wanaojuana miaka na miaka, mmoja akinyamaza mwenzake anajua amenyamaza kwa nini. Hiki kitu huwezi kukipima ila kwenye mwinuko wa mita 7,500 ambako mtu anashindwa kukokotoa saba jumlisha sita, kuwa na mtu ambaye huhitaji kumuelezea mambo ni kifaa kabisa.

Dhidi yao kuna hoja moja tu ila ni nzito: hakukuwa na akiba ya kitu chochote. Sio ya chakula, sio ya siku, sio ya hali ya hewa. Kila kitu kilitakiwa kwenda sawa, au kama kitaharibika kiharibike kimoja tu. Na msaada haupo. Helikopta za jeshi la Pakistani zimewahi kufanya maajabu, mwaka 2005 zilimtoa Tomaž Humar wa Slovenia kwenye ukuta wa Rupal kwenye mita kama 6,000, na hapo dunia nzima ilishangaa. Januari 2018 Élisabeth Revol wa Ufaransa aliokolewa kwenye huu huu mlima, upande huu huu wa Kinshofer, ila ilibidi Denis Urubko na Adam Bielecki wahamishwe kwa helikopta kutoka K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, washushwe chini, halafu wapande usiku kucha mpaka kama mita 6,000 kumkuta, na mwenzake Tomek Mackiewicz aliyekuwa juu zaidi hawakuweza kumfikia. Juu ya hapo ni wewe na mwenzako.

Wakaenda. Tarehe 15 Julai jioni, Sandy Allan na Rick Allen wakasimama kileleni. Mgongo wa Mazeno kuunganishwa na kilele cha Nanga Parbat, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Sitakaa sana hapo kileleni, maana kwa mtazamo wangu hatari kubwa ya kisa hiki ilikuwa bado haijaanza.

Ilianza na moto. Kwenye kushuka, jiko likawa haliwashiki tena. Basi. Hawakuanguka, hawakufukiwa, jiko tu halikuwaka, na kutoka hapo wakawa watu wasio na maji kwenye mlima uliojaa maji yaliyoganda.

Asiyewahi kuyeyusha theluji anauliza, si wale theluji? Ngoja. Theluji kilo moja iliyo kwenye nyuzi sifuri inataka kilojuli 334 ili igeuke kuwa maji, na maji yenyewe yatakuwa bado kwenye nyuzi sifuri. Joto hilo hilo lingeweza kuyapandisha maji ya baridi ya barafu mpaka karibu nyuzi 80. Sasa ukila theluji, hilo joto linatoka wapi? Linatoka mwilini mwako, mwili ambao hauna chakula na unapigana na baridi kali. Unakata kiu ya mdomo unazima jiko la ndani. Na theluji ya juu kule haiko kwenye sifuri, iko chini kabisa ya hapo, inaunguza midomo na koo ambalo tayari lina vidonda kwa kuhema hewa kavu.

Hata jiko likiwa zima kazi yenyewe ni ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Unajaza sufuria theluji laini mpaka juu, unasubiri, unakuta maji ya kidole kimoja chini. Inabidi ubakize maji kidogo mwanzoni, ukiweka theluji kavu peke yake sufuria inaungua na maji yananuka moshi. Unaongeza theluji, unasubiri, unaongeza, mkono mmoja umeshika sufuria isimwagike ndani ya hema, mwingine unakinga upepo. Maji yanaanza kutokota mapema, kwenye mita 7,000 yanachemka kwenye nyuzi kama 77, kwa hiyo yanakudanganya, povu lipo joto halipo la kutosha. Kila mtu anahitaji lita tatu nne kwa siku kwa sababu pumzi zenyewe zinakausha, unahema haraka mchana na usiku na kila pumzi inatoka na unyevu. Kwa watu wawili hayo ni masaa ya kukaa na jiko kila jioni. Mtu amechoka kufa anataka alale, jiko linamwambia bado. Wengi wanakata kona hapo, wanakunywa lita moja wanalala, na asubuhi damu imekuwa nzito, vidole vinaanza kuganda.

Kuhusu kuwasha. Vile viberiti vya gesi vya kubonyeza, vinavyotoa cheche ya umeme, vinajulikana kwa kugoma kwenye mwinuko mkubwa, hewa nyembamba cheche haishiki. Vya gurudumu na jiwe vinaaminika zaidi, lakini gesi yake ikipoa sana haitoki, inabidi ukae nacho mfuko wa ndani karibu na ngozi. Njiti nazo zikinyonya unyevu kichwa kinamomonyoka. Na yote haya unayafanya na vidole visivyo na hisia, ukivua glovu unapoteza kidole, ukivaa huwezi kuzungusha gurudumu. Vitu vinavyowasha moto, vyote kwa pamoja, havifiki uzito wa gramu mia. Ndo nasema ukiniuliza kosa la maandalizi ya wawili hawa liko wapi, silitafuti kwenye chakula. Chakula mtu anaweza kukosa siku nne akatembea, vibaya lakini anatembea. Kifaa cha kuwashia ndo kilitakiwa kiwe cha pili, cha tatu na cha nne, kila mmoja na chake, mifuko tofauti, aina tofauti. Inawezekana kabisa walikuwa navyo vya kutosha mwanzoni na siku nyingi zikavimaliza, mgongo huu unakula vitu vidogo vidogo vile vile unavyokula watu. Lakini pale Gap wakati wa kugawana, hapo ndo pa kuhesabu moto kabla ya kuhesabu biskuti.

Kushuka Diamir kukawa kwa taratibu mno. Theluji nyingi, inakatika, inabidi kila mteremko uuangalie mara mbili kama utaporomoka nawe. Hakuna alama za mtu mbele. Siku moja mtu mwenye afya angeshuka sehemu kubwa, wao ilikuwa siku kadhaa, hatua chache wanakaa, hatua chache wanakaa. Mwili usio na maji hauna nguvu na hauna akili pia, maamuzi ya kushoto au kulia kwenye nyufa za barafu yanafanywa na ubongo uliokauka. Hapo ndo ile hoja ya kuijua njia ilipolipa. Nimejaribu kuipangua hii sehemu kila namna na narudi pale pale: ukiwatoa hawa wawili kumbukumbu ya Diamir ukawaacha na kila kitu kingine, ushujaa, urafiki, mapafu, sioni wanavyofika chini. Walifika kambi ya chini upande wa Diamir tarehe 19 Julai. Siku ya 18.

Sasa hukumu. Kuna tabia ya kusema walifika salama kwa hiyo waliamua vizuri. Hapana, uamuzi unapimwa kwa kilichojulikana wakati wa kuamua, na kilichojulikana pale Gap ni kwamba njia ya kushukia wanaijua, hali ya hewa inaruhusu, gesi ndogo, chakula karibu hakuna, msaada hakuna. Mi naona ulikuwa uamuzi unaokubalika kwa watu wawili hao tu na usingekubalika kwa mtu mwingine yeyote aliyekuwepo pale, wakiwemo wanne walioshuka, ambao baadhi yao huenda walikuwa na nguvu kuliko hao wawili. Kamilifu haukuwa, ulikuwa na tundu moja la moto na tundu hilo karibu liwameze. Anayetaka kuukemea ana haki. Anayetaka kuuiga inabidi kwanza awe ameshashuka Diamir.

Na usione kwamba Rick Allen alitoka pale akawa mtu wa kukaa nyumbani. Mwaka 2018 alipotea kwenye Broad Peak, mlima mwingine wa huko Pakistani, watu wakaanza kumhesabu marehemu, akaonekana kwa droni ya Bartek Bargiel iliyorushwa kutoka kambini, wakamfikia akaokolewa. Julai 2021 maporomoko ya theluji yakamuua kwenye K2. Wapo wanaochukua hilo kama ushahidi kwamba hata 2012 alikuwa anabahatisha. Sikubaliani nao, maporomoko ya K2 hayawezi kutoa ushahidi kuhusu Mazeno, ila naelewa kwa nini mtu anayaunganisha.

Kitu kimoja kinaniudhi kwenye masimulizi ya kisa hiki, nakisema. Tuzo ya Piolet d'Or ya 2013, ambayo ndo heshima kubwa kabisa kwenye mambo haya, ilienda kwa Sandy Allan na Rick Allen, na wanastahili. Lakini mgongo wenyewe, zile kilomita 10 na vilele vinane vilivyowarudisha Scott na Kurtyka na Loretan, ulivukwa na watu sita. Kabla yao waliofika Gap kwa njia hiyo ni wale wawili wa 2004 na wawili wa 2008. Cathy O'Dowd, Lhakpa Rangdu, Lhakpa Zarok na Lhakpa Nuru walifanya kile kile kilichowapa sifa Swenson na Chabot, kisha wakashuka Schell kama Swenson na Chabot, tofauti ni kwamba hao wanne wanatajwa kama walioishia njiani. Njia ilifunguliwa kwa miguu yao pia, na theluji waliyoikanyaga wao ndo nguvu ambayo Sandy na Rick hawakuitumia kabla ya Gap. Kwenye orodha yoyote ya Mazeno, mstari wa mgongo uwe na majina sita na mstari wa kilele uwe na mawili.